Watu unaowafahamu kwa mbali ndio mtaji wako wa kazi: tujadili matumizi ya mitandao ya kijamii kazini

Msaka Vipaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Niko kwenye idara ya kuajiri. Siku yangu inakwisha nikisoma wasifu wa watu, nikifungua profaili zao na kuwapigia simu wale waliowahi kufanya nao kazi. Kuna jambo naliona likijirudia na linaniuma, nimeona nilifungulie uzi.

Mtu mkataba unaisha, au anapunguzwa kazini. Wiki hiyohiyo anaiamsha akaunti yake ya LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, iliyolala miaka, anatuma maombi ya kuunganishwa kwa kila anayemwona, na ujumbe ni uleule kwa wote: "Habari, natafuta kazi yoyote, naomba msaada wako." Wengi hawamjibu. Anavunjika moyo na kuamini kwamba mitandao hii ni ya wenye majina. Kumbe huenda ni mtu hodari kabisa. Ila waliopokea ule ujumbe hawajui anafanya nini hasa, anakifanya kwa kiwango gani, wala wamuelekeze kwa nani. Hata mwenye moyo wa kusaidia hana pa kuanzia.

Jambo ambalo ningependa kila mfanyakazi alijue mapema ni hili: nafasi nyingi za kazi huletwa na watu unaowafahamu kwa mbali. Mliyesoma naye darasa moja mkapoteana, mliyeshirikiana naye kwenye mradi mmoja, mteja wa zamani, mtu mliyezungumza naye vizuri kwenye semina.

Hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu nguvu ya uhusiano dhaifu. Alikuwa amewauliza wataalamu na mameneja waliobadilisha kazi katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts, walivyopata taarifa za kazi zao mpya. Kati ya walioipata kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye kwa nadra kuliko hapo lakini zaidi ya mara moja kwa mwaka, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au pungufu. Sababu yake haina fumbo. Rafiki yako wa karibu anakaa mnakokaa, anasikia unayoyasikia, anawajua unaowajua. Aliye mbali kidogo anaishi kwenye duara jingine, na huko kuna habari ambazo hazijakufikia.

Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti uliopima jambo hilohilo kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn katika kipindi cha miaka 5. Watafiti walichambua majaribio yaliyokuwa yakibadilisha ile sehemu inayokupendekezea watu unaoweza kuwa unawajua, wakaangalia nani alihama kazi. Waliosaidia zaidi walikuwa watu wasio wa karibu sana lakini pia si wageni kabisa, wale mnaoshiriki marafiki wachache. Ukichukua wageni wasiokufahamu hata kidogo, faida inapungua tena. Kwa hiyo wanaokusanya maelfu ya majina wasiyoyajua, na wanaojifungia na watu wao watano, wote wanapishana na sehemu yenye faida kubwa zaidi.

Kwa hiyo kazi ya mtandao ni kuwaweka hai hawa wa katikati. Wasikusahau, na wakikukumbuka wajue unafanya nini. Na hiyo inafanyika wakati una kazi na huna shida na mtu.

Nikifungua profaili naanza na ule mstari ulio chini ya jina. LinkedIn inakupa herufi 220 pale, na wengi wanaandika "Mchapakazi mwenye ari na ubunifu" au cheo kitupu. Andika unachokifanya na kwa ajili ya nani: "Mhasibu wa malipo ya wafanyakazi, kampuni za ujenzi." Mtu akitafuta mhasibu wa aina hiyo, maneno hayo ndiyo atakayoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Halafu naangalia kama kila kazi uliyotaja ina walau sentensi moja inayosema ulibadilisha nini. "Nilihusika na masuala ya stoo" hainiambii kitu. "Nilihamisha kumbukumbu za stoo kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta" inaniambia mengi. Picha iwe ya uso wako, yenye mwanga. Suti si lazima.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu tofauti msisite kunipinga.

---

binti_hesabu

Asante mkuu kwa madini haya. Swali langu ni la watu wa aina yangu. Mimi si mtu wa kujitangaza. Nikiwaona wenzangu wanaposti "nina furaha kubwa kutangaza..." naona kabisa siwezi, najihisi najisifu. Nafanya kazi yangu vizuri na naogopa kupitwa kwa sababu tu siandiki. Sisi wakimya tufanyeje?

---

Msaka Vipaji

Dada, swali lako ndilo ninalokutana nalo zaidi, na nashukuru umeliuliza wazi.

Si lazima uposti chochote. Fikiria mtu wa fani yako ameuliza kitu, mathalani jinsi ya kulinganisha hesabu za benki na za kampuni pale tarehe zinapopishana. Wewe jibu unalijua. Liandike kwa sentensi tatu, kwa upole, uondoke. Aliyeuliza atakukumbuka, na wengine waliosoma kimyakimya watakukumbuka pia. Hapo hujajisifu, umemsaidia mtu.

Njia ya pili ni kuwaandikia watu mmoja mmoja. Umesoma habari inayomhusu mtu mliyefanya naye kazi zamani, mtumie: "Nimeiona hii nikakumbuka ule mradi wetu wa ukaguzi. Natumaini uko salama." Basi. Usiombe chochote. Ukifanya hivyo kwa watu wachache kila mwezi, baada ya mwaka una kundi la watu ambao jina lako kwao halijapoa.

Na mtu akipandishwa cheo, ile "Hongera" ambayo programu inakuandikia tayari usiitume peke yake. Ongeza neno moja linaloonyesha unamjua: "Hongera, najua ulivyoipigania ile idara." Yeye atazipokea hongera nyingi zinazofanana, ya kwako ataisoma.

---

Fundi Msimbo

Naunga mkono sehemu kubwa, ila natofautiana nawe kidogo kwenye suala la maneno ya profaili. Kwetu sisi waandika programu, hakuna anayejali umejiita nani. Watu wanafungua GitHub yako, yaani tovuti tunakoweka programu tunazoandika, waone kazi. Msimbo wako unasomeka? Maelezo ya mradi yameandikwa? Mtu akileta tatizo unamjibu vipi? Kazi yangu ya sasa niliipata kwa sababu nilirekebisha hitilafu kwenye maktaba ya msimbo (msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie) ambayo kampuni fulani ilikuwa inaitumia. Mhandisi wao akanitumia ujumbe kunishukuru, tukawa tunaandikiana mara chache, na nafasi ilipotokea akanitaja. Sikuwahi kuonana naye.

Wabunifu wa michoro wana Behance, watafiti wana ORCID na ResearchGate. Kwa hiyo ningewaambia watu watafute mahali ambapo kazi yenyewe inaonekana kabla ya kuhangaika na mstari wa chini ya jina.

---

Msaka Vipaji

Fundi, hujanipinga mbali. Huyo mhandisi aliyekutaja ni mfano kamili wa mtu unayemfahamu kwa mbali. Na kwenye ule utafiti wa 2022 kuna jambo linalokuhusu: uhusiano dhaifu ulisaidia zaidi kwenye sekta zinazotumia sana teknolojia ya kidijitali. Kwenye sekta zisizoitumia sana, uhusiano wa karibu ndio uliokuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo fundi bomba au msimamizi wa kiwanda asiposikia kitu kutoka LinkedIn asidhani ana kasoro. Kwake simu ya mtu waliyefanya kazi bega kwa bega inaweza kufika mbali zaidi.

Kuhusu kuonyesha kazi nakubaliana nawe kabisa. Ila kuna kazi ambazo hazionyesheki: uhasibu, uuguzi, sheria, ulinzi wa taarifa. Hao wanabaki na maneno, ndiyo maana nayasisitiza.

---

Nesi wa Zamu

Kwa kuwa uuguzi umetajwa, naomba niseme jambo lililo moyoni.

Wenzangu wanajipiga picha wakiwa kwenye sare, wamechoka, wanaandika maneno mazuri kuhusu wito wao. Nia ni njema. Ukiikuza picha, nyuma kuna ubao wenye majina ya wagonjwa na namba za vitanda. Au mtu anaandika "leo tumempokea mtoto aliyeungua kwa maji ya moto, inasikitisha", bila jina. Jina halihitajiki. Majirani wa mtoto huyo wanajua ni nani. Mgonjwa hakuja kwetu awe habari ya mtu yeyote.

Na haya si ya hospitali tu. Skrini ya kompyuta inayoonekana nyuma yako, kitambulisho cha kazi ulichoning'iniza shingoni ukaposti siku ya kwanza ya ajira, mchoro wa mteja uliobaki mezani. Tafadhali, kabla ya kuposti picha ya kazini tazama nyuma ya uso wako kwanza, kona hadi kona. Na kama jambo linamhusu mgonjwa, mteja au mwanafunzi, liache hapohapo kazini hata kama linakuliza.

---

Kalamu Nyekundu

Nakazia ya Nesi. Sisi walimu tuna mtihani wa namna hiyohiyo: mwalimu anaposti jibu la mtihani lenye makosa ili watu wacheke. Mwandiko wa mtoto unajulikana na wenzake. Tuache.

---

Mlinda Mpaka

Mada nzuri. Ninachotaka kuuliza ni kuhusu bosi. Meneja wangu ameniomba urafiki Facebook, na Facebook yangu ni ya familia. Pia idara yetu ina kundi la WhatsApp ambalo maagizo yanaingia usiku, na usipojibu asubuhi unaulizwa mbele ya watu. Hivi mipaka iko wapi? Na je, wanaruhusiwa kusoma ninachoandika kwenye kompyuta ya kazini?

---

Msaka Vipaji

Kaka, naomba nianze na hilo la mwisho kwa sababu lina kesi inayofundisha. Kampuni moja ya Romania ilimtaka mfanyakazi wake afungue akaunti ya Yahoo Messenger ya kujibia wateja. Baadaye ikafuatilia mazungumzo yake, yakiwemo ya kwake na mchumba wake na kaka yake, na mwaka 2007 ikamwachisha kazi kwa kutumia mtandao kwa mambo binafsi. Shauri lilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 5 Septemba 2017 baraza kuu la majaji likaamua kwamba haki yake ya faragha haikulindwa. Mahakama haikusema mwajiri haruhusiwi kufuatilia. Ilisema mahakama za nchi zilipaswa kuangalia kama mfanyakazi alijulishwa mapema, ufuatiliaji ulikwenda umbali gani, na kama sababu yake ilikuwa ya msingi.

Huo ni uamuzi wa Ulaya, na sheria za nchi zinatofautiana. Wewe fanya hivi: omba sera ya matumizi ya vifaa na mitandao, isome. Na bila kujali inasema nini, kompyuta ya kazini ichukulie kama chumba chenye madirisha. Mazungumzo ya nyumbani yabaki kwenye simu yako.

Kuhusu kundi la usiku, hauko peke yako. Ufaransa tangu tarehe 1 Januari 2017 sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi nje ya saa. Australia ilifuata tarehe 26 Agosti 2024. Pasipo sheria hiyo, zungumza na meneja wako ana kwa ana, usilianzishe ndani ya kundi. Muulize: "Likitokea la dharura usiku naomba nipigiwe simu, mengine niyajibu asubuhi nikiingia. Inakufaa?" Wakubwa wengi hutuma usiku kwa sababu wamekumbuka, hawakuwa wanategemea jibu. Shida ni kwamba hakuna aliyewauliza. Kama wako anakuaibisha mbele ya wenzako hata baada ya kuongea naye, hilo limeshakuwa suala la idara ya rasilimali watu.

Urafiki wa Facebook: mwambie kwa heshima kwamba ule ukurasa unautumia na familia, kisha umtumie wewe ombi la LinkedIn siku hiyohiyo. Hapo unakuwa umemfungulia mlango mwingine na hajihisi amekataliwa. Usimwache tu ombi linaning'inia akikuona kila siku kazini.

---

Mtafutaji Kimya

Mkuu naomba msaada wa haraka. Nina kazi lakini nataka kuhama, na nikihariri profaili naogopa ofisini watajua.

---

Msaka Vipaji

Nenda kwenye mipangilio kwanza, zima ile ya kuwajulisha watu kila unapobadilisha profaili. Halafu badilisha kidogokidogo, usifumue yote siku moja. Alama ya kuwa tayari kwa kazi unaweza kuiweka ionekane na waajiri pekee. LinkedIn hujaribu kuwaficha waajiri wa kampuni yako, lakini wenyewe wanasema hawakuhakikishii usiri kamili. Ukitaka kuchungulia profaili za watu bila jina lako kuonekana, kuna hali ya faragha, ila ukiwa na akaunti ya bure na wewe hutaona nani amekuchungulia.

Na usitumie anwani ya barua pepe ya kazini kwenye akaunti yoyote ya aina hii. Siku ukiondoka, anwani inafungwa na akaunti unaweza kuipoteza.

---

Mtafutaji Kimya

Ubarikiwe. Hiyo ya barua pepe nakwenda kuibadilisha sasa hivi.

---

Fundi Msimbo

Kabla hujaenda, Mtafutaji, ogopa sana waajiri bandia. Nyinyi mnaotafuta kwa siri ndio wanaowapenda, kwa sababu hamwezi kumuuliza mtu ofisini.

Wanaofuatilia sarafu za kidijitali watakumbuka wizi wa mtandao wa Ronin, Machi 2022, ambapo zilichukuliwa sarafu za thamani ya zaidi ya dola milioni 600 za Marekani. FBI, wapelelezi wa Marekani, walilitaja kundi la wadukuzi la Lazarus la Korea Kaskazini. Baadaye vyombo vya habari vikaripoti kwamba mlango ulifunguliwa na ofa ya kazi ya uongo: mhandisi wa kampuni iliyohusika alifuatwa LinkedIn, akafanyiwa usaili wa hatua kadhaa, akatumiwa barua ya ofa kama faili la PDF, naye akalifungua. Huyo alikuwa mhandisi mzoefu, jamani. Kwa hiyo mtu asidhani ni wajinga tu wanaonaswa.

Ukitumiwa faili au "jaribio la msimbo", usilifungue kwenye kompyuta ya kazini kamwe. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, tafuta namba, piga, uliza kama huyo mtu yupo na kama nafasi ipo.

---

Msaka Vipaji

Nakushukuru sana Fundi. Niongeze kwa upande wetu: mwajiri wa kweli hakuombi pesa ya fomu, ya mafunzo wala ya vifaa. Hakuharakishi uhamie kwenye programu nyingine ya ujumbe kabla hamjazungumza. Na hatakasirika ukimwambia "naomba nihakikishe kwanza". Mimi mtu akinihakiki ndipo namheshimu zaidi.

---

Hazina ya Majina

Nina dogo la kuongeza. Nilikuwa na mduara mzuri sana wa watu wa fani yangu kwenye Google+, mtandao wa kijamii wa Google. Tarehe 2 Aprili 2019 ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida, na wengi wao sijawahi kuwapata tena. Nikaona vilevile Twitter ilivyobadilishwa mmiliki Oktoba 2022, ikawa X Julai 2023, na watu wengi niliokuwa nawafuata wakahama. Mtandao si mali yako. LinkedIn inakuruhusu kupakua nakala ya orodha ya watu wako, pakua. Wale unaowathamini kweli weka majina yao kwenye daftari au lahajedwali lako, pamoja na mlikutana wapi na mlizungumza nini. Hicho kisehemu cha mwisho ndicho kinachokuokoa siku ukitaka kumwandikia mtu baada ya miaka miwili.

---

binti_hesabu

Nimerudi wakuu. Nimepata ujasiri, nataka kumwandikia dada mmoja aliyekuwa kiongozi wangu kwenye kazi ya kwanza. Sasa hivi yuko kwenye taasisi ninayoitamani. Rasimu yangu: "Habari za siku nyingi dada, natumaini hujambo. Samahani kwa usumbufu, najua una kazi nyingi. Naomba kama kuna nafasi yoyote hapo kwenu unikumbuke. Mungu akubariki." Iko sawa?

---

Msaka Vipaji

Ina heshima, lakini inampa mzigo. "Nafasi yoyote" inamlazimu afikirie yeye unafaa wapi. Badala ya kuomba nafasi, omba kitu kidogo anachoweza kukujibu akiwa amesimama. Jaribu hivi:

"Shikamoo dada. Ni mimi uliyenifundisha kufunga hesabu za mwaka, na mpaka leo naandaa orodha ya viambatisho kwanza kama ulivyotuelekeza. Sasa nashughulikia malipo ya wafanyakazi na kodi. Navutiwa na kazi ya ukaguzi wa ndani kama mnayoifanya hapo. Nikitaka kuelekea huko, ungenishauri nianze na cheti gani? Hata jibu fupi litanisaidia sana."

Umemkumbusha wewe ni nani kwa jambo la kweli, umemwonyesha uko wapi sasa, na swali lake lina jibu la dakika mbili. Nafasi ikitokea, ataanza kukufikiria bila kuambiwa.

---

binti_hesabu

Kweli ni tofauti kabisa. Ila hilo la viambatisho silo alilonisisitizia, lilikuwa jambo jingine, nitaliandika lile lenyewe. Asipojibu je?

---

Msaka Vipaji

Vizuri, weka la kweli, atalitambua. Asipojibu subiri wiki mbili, umkumbushe mara moja kwa sentensi moja. Akinyamaza tena, acha, wala usimfute. Watu wanasoma ujumbe wakiwa safarini, wakiwa na wagonjwa, wakiwa na mwisho wa mwezi. Ukipata hicho cheti baadaye mwandikie tu umjulishe, bila swali lolote.